Nyuki wa Harm Hawajaambiwa

Wietzenmoor, 16 Oktoba 1955

Mdogo wangu Volkmar,

Hujambo huko kusini? Irmtraut mkeo hajambo? Na vidole vyako vya miguu, hivyo vichache ulivyobakishiwa na baridi ya Urusi, vinasemaje? Mimi sina neno ukiondoa goti. Nguruwe amenenepa hata kugeuka bandani hawezi, viazi vimeingia ghalani kabla ya mvua, na soksi zako za mwaka huu nimeshafuma mguu mmoja. Sufu ni ileile ya kijivu. Usiniambie inawasha, ulilalamika hivyohivyo ukiwa na miaka sita, na sikukusikiliza.

Bibi Dierks tumemzika Jumanne. Ni yule aliyekuwa akikukimbiza na ufagio kwa ajili ya njegere zake. Kabla jeneza halijatoka mlangoni, mwanawe mkubwa alikwenda bustanini akagonga kila mzinga mara tatu kwa ufunguo wa nyumba, akawaambia nyuki, "Bibi yenu amekufa, msituache." Nilimtazama nikalia kuliko waliofiwa, watu wakadhani nampenda sana Bibi Dierks.

Wewe unajua nilikuwa namlilia nani. Mizinga ya marehemu mume wangu Cord ni ya mwanangu Harm tangu Cord alipofariki. Mwana ndiye bwana wa nyuki. Mwaka wa kumi na moja huu natunza nyuki wa mtu ambaye sijui niwaambie yu hai au amekufa. Ukiwaambia bwana wao amekufa naye yu hai, unamchimbia kaburi kwa mdomo wako. Usipowaambia naye amekufa, wanadhoofika mmoja mmoja. Walikuwa mizinga ishirini na sita. Wamebaki tisa.

Sasa sikiliza. Juzi kengele za kanisa zililia siku isiyo ya ibada, nikatoka mbio na unga mikononi nikidhani moto. Kumbe ni mtoto wa Meinke karudi kutoka Urusi, hana jino hata moja. Warusi wanawaachia mateka wa mwisho. Wanafikia kambi ya mapokezi ya Friedland, na akina mama wanakwenda huko na picha za watoto wao wamezibandika kwenye mbao. Nami nimetengeneza ubao wangu. Nimeandika, na jina lako nimelitia: "Harm Behnken, mzaliwa wa 1927, kikosi cha Kanali Ahlers. Nani anamjua?"

Na hapo ndipo penye neno langu. Mzee Meinke hunipa gazeti lenu la wakongwe wa vita akimaliza kulisoma. Nimeona ukurasa wako: askari wa kikosi chako waliopotea, mwenye habari aandike. Nimepitisha kidole mara tatu. Yupo Bartels, yupo Bense. Katikati yao hakuna Behnken. Volkmar, unawatafuta watoto wa watu wote, mpwa wako humtafuti?

Dada yako,
Gesine


Rosenheim, 9 Novemba 1955

Dada yangu mpenzi,

Pole kwa msiba wa jirani, na pole ya goti. Irmtraut anakusalimu, anasema upake mafuta ya kafuri. Mimi nashukuru Mungu, afya ipo, muda ndio haupo. Barua yako niliikuta chini ya rundo la barua za watu, kila moja inaanza "Mheshimiwa Kanali." Ni wewe peke yako Ujerumani nzima unayeniandikia habari za njegere.

Habari ya gazeti ni kosa la mpiga chapa. Mambo hayo hutokea.

Kuhusu Friedland, nakuomba usiende. Kule ni upepo mtupu, na walaghai wamejaa. Mtu akiona mama mwenye ubao atasema lolote apate kahawa ya bure. Mimi ndiye niliyekuwa kamanda wake. Kama kuna anayejua, ni mimi, na nilishakuambia tangu niliporudi: Machi 1945, Hungaria, tulikuwa tunarudi nyuma karibu na lile ziwa kubwa, Warusi wanatufuata, vijana walipotea kwa makundi. Harm alipotea pamoja nao. Sina zaidi.

Ungeona kazi ninayoifanya, ungenielewa. Mtoto wa mchonga viatu vya mbao niliingia jeshini sina kitu. Nikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka nikapewa kikosi kizima na nishani ya msalaba wa shingoni, na leo wanasiasa wanatuita wahalifu. Miaka mitatu Wamarekani waliniweka nyuma ya waya bila kunithibitishia kosa. Ati Waffen-SS, kwa kuwa ilikuwa ya chama cha Hitler, haikuwa jeshi! Tuliokaa kwenye tope moja na wenzetu wa jeshi la kawaida, tukala mkate uleule ulioganda, leo wao wana pensheni na sisi tuna matusi. Mimi nawazungukia wabunge, naandika, nahutubia kila Jumamosi mji mwingine. Nawaambia: tulikuwa askari kama askari wengine. Nayarudisha majina ya wafu wetu kwenye heshima yao. Majira ya joto yakiisha mwakani tutakuwa na mkutano mkubwa, watu maelfu, na wajane na akina mama watakuja kutafuta habari za watu wao. Nataka uwe safu ya mbele.

Soksi nazisubiri. Zinawasha, lakini nazisubiri.

Mdogo wako,
Volkmar


Wietzenmoor, 22 Januari 1956

Mdogo wangu,

Mwaka mpya uwe wa heri kwako na kwa Irmtraut. Soksi bila shaka zimefika. Huku theluji imefika dirishani na nguruwe tumemchinja. Soseji nimekutundikia nne darini. Mafuta ya kafuri nimeyapaka. Yananuka, goti linauma vilevile.

Nilikwenda. Ulinikataza, nikaenda. Hata ungekuwa jenerali, mimi ndiye niliyekufuta kamasi mama alipofariki, hunitishi.

Tulisimama pande mbili za njia, wanawake peke yetu, kila mmoja na ubao wake kifuani. Mabasi yanaingia, kengele inalia, wanaume wanashuka na makoti ya pamba ya Kirusi. Hakuna anayepiga kelele. Mtu mmoja alianzisha "Sasa tumshukuru Mungu," wote wakaimba, hata sisi ambao hatukuwa na la kushukuru. Siku ya kwanza wanaume walipita wakisoma mbao zetu na kutikisa kichwa, kwa adabu kabisa, kama mtu anayekataa sahani ya pili. Siku ya pili vilevile. Mwanamke aliyekuwa kando yangu, Bibi Wittkopp wa Celle, alinigawia mkate wenye mafuta ya nguruwe. Aliniambia, "Mimi huja kila basi. Nimezoea miguu kufa ganzi, sijazoea kurudi nyumbani."

Siku ya tatu alishuka mmoja asiye na sikio la kushoto. Akasoma ubao wangu. Akasoma tena. Akaniangalia mimi, akaondoka haraka kama mtu aliyeona mdai wake. Nilimfuata na goti langu hili, nikamshika koti. Nikamwambia, "Baba, sikuachii. Unamjua." Akasema, "Namjua." Nikasema, "Yuko wapi?" Akatazama chini. Akasema, "Mama, jina la kamanda hilo umeliandika kwenye ubao wako mwenyewe. Muulize yeye."

Anaitwa Kuno Raschke, anakaa kwa dada yake Hildesheim. Sasa nakuuliza wewe kama alivyoniambia. Harm yuko wapi, Volkmar?

Gesine


Rosenheim, 11 Februari 1956

Dada mpenzi,

Asante kwa soksi na kwa soseji. Irmtraut alikuwa na mafua, sasa amepona.

Raschke namkumbuka. Mtu wa maneno, mvivu, na miaka kumi na moja ya kambi za Urusi haikumwongezea akili. Usimsikilize.

Hata hivyo nimefikiri sana juu ya hali yako. Haifai mama akae bila uhakika. Kwa hiyo nimekuandikia hati, imo ndani ya bahasha hii, imepigwa muhuri na wakili. Mimi, kamanda wake, nashuhudia kwamba Harm Behnken aliuawa kwa risasi ya adui tarehe 28 Machi 1945 akipigana kishujaa. Mpelekee mchungaji Lohse. Jina litachongwa kwenye jiwe la mashujaa mbele ya kanisa, chini ya majina ya babu zake. Waambie nyuki, upumzike.

Mkutano ni tarehe nane Septemba. Kiti chako nimekiweka. Ukisimama na picha ya Harm, watu waone dada wa kamanda naye amepoteza mwana kama wao, hakuna hotuba itakayoshinda hiyo.

Wako,
Volkmar


Wietzenmoor, 19 Februari 1956

Volkmar,

Hati yako nairudisha. Mwaka wa kumi na moja alikuwa amepotea, hujui kitu. Leo una tarehe, una risasi, una hata muhuri.

Nilikwenda nayo mpaka kwenye mizinga. Nikashika ufunguo nigonge. Mkono ulikataa. Ukitaka kuwadanganya wabunge, wadanganye, wamezoea. Nyuki hawaambiwi uongo. Baba yake Cord alimsingizia kifo nduguye aliyekimbilia Amerika, na mwaka ule hakupata hata kijiko cha asali.

Mimi nangoja.

Gesine


Wietzenmoor, 3 Juni 1956

Mdogo wangu,

Umenyamaza miezi mitatu na nusu. Najua u mzima, maana nakusoma gazetini. Huku mrujuani umechanua ukaisha, mchungaji Lohse amevunjika mkono kwa kupanda ngazi akijifanya kijana, na mizinga imebaki saba. Salamu zangu kwa Irmtraut. Yeye huniandikia kadi ya Pasaka kila mwaka. Mwaka huu hakuniandikia, na kwa hilo nikajua kwamba anajua.

Nimekwenda Hildesheim. Nilimpelekea Raschke asali na nusu ya paja la nguruwe. Dada yake akatuwekea kahawa akatoka. Nakuandikia aliyonieleza, nawe uniambie lipi si kweli.

Alisema Harm alitoroka kikosini tarehe 27. Aliweka bunduki chini akaondoka kwa miguu kuelekea magharibi, mchana kweupe, kwenye barabara kuu, kama mtu anayekwenda dukani. Polisi wa jeshi walimkamata darajani siku iliyofuata. Alisema mliketi watu watatu kwenye jiko la shamba moja, wewe katikati, na kesi ilikwisha kabla maji ya kahawa hayajachemka. Wewe ulitia saini. Alisema Harm aliomba karatasi aniandikie, akaambiwa hakuna wakati. Mti mliomfungia ulikuwa wa tufaha. Raschke alikuwa mmoja wa waliopangwa kumpiga risasi, akaniambia hilo machoni pangu. Alisema baada ya hapo ulikwenda mwenyewe, ukalikata lile bati lake la utambulisho la shingoni kwenye mstari wa katikati. Nusu ukamwachia maiti kama sheria ya jeshi inavyotaka. Nusu ya pili, ambayo hupelekwa ofisini ili mama apate barua, uliitia mfukoni.

Basi ndiyo maana hayumo kwenye orodha yako. Uliogopa kumtafuta, asije akapatikana.

Kuna kitu Raschke hakusema. Nilimuuliza, "Alikuwa anakimbia nini? Alikuwa mtoto mwoga?" Akasema hakuwa mwoga. Nikauliza, "Ilikuwaje siku moja kabla?" Alimimina kahawa, ikajaa, ikamwagika kitambaani, naye anaendelea kumimina.

Nami kuna nisilolisema kwa miaka yote hii, nitalisema. Cord kabla hajafa alisema mtoto asiende kwako. Alisema, "Shemeji yangu na nembo yake ya fuvu, simwamini na ng'ombe, sembuse mtoto." Ni mimi niliyekuandikia nikakuomba umchukue. Nilisema ni kwa usalama wake, atakuwa chini ya macho ya mjomba wake. Uongo. Nilikuwa nimeiona picha yako gazetini na ule msalaba shingoni, wanawake wa kanisani wananipisha mlangoni kwa ajili yako, nikataka na mwanangu apigwe picha hiyo. Nilimtia saini mimi kwanza. Wewe ulikuwa wa pili.

Sasa sema. Alikimbia nini?

Dada yako,
Gesine


Rosenheim, 30 Julai 1956

Gesine,

Nimeandika barua hii mara nne. Irmtraut ameondoka kwenda kwa dada yake kwa muda. Salamu zake sina.

Ulitaka kujua, haya. Kumbuka ni wewe uliyetaka.

Kulikuwa na Wayahudi wa Hungaria waliokuwa wakichimbishwa mahandaki. Walikuwa wakisukumwa kwenda magharibi kwa miguu, nao walikuwa mifupa mitupu. Waliokuwa hawawezi tena kutembea walifungiwa kwenye ghala la nyasi pale tulipolala. Hamsini, sitini, sikuwahesabu. Nilipokea maneno kwamba wasiachwe nyuma wakiwa hai. Amri kwa watu wangu niliitoa mimi. Sajini aliwauliza waliopangwa kama kuna asiyeweza. Wawili wakatoka mstarini. Walipelekwa kubeba masufuria, hakuna aliyewagusa.

Harm hakutoka mstarini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliniangalia mimi. Nimefikiria jinsi alivyoniangalia miaka yote hii, na naona alingoja nimpe ishara, hata ya kichwa tu. Sikumpa. Naye aliona haya mbele ya mjomba wake. Akaingia pamoja na wengine, akafyatua kama wengine, mpaka ikaisha. Ndicho alichokikimbia siku ya pili. Mwanao aliua, Gesine. Raschke naye aliua. Nilikaa kimya ili usije ukalijua hilo, na wewe ukanichimba na kunichimba.

Kuhusu ile saini. Wiki hiyo nilikuwa nimeshatia saini hukumu za watoro watatu. Mmoja alikuwa na miaka kumi na saba. Ningemwachia mpwa wangu, ningesimamaje mbele ya kikosi? Kama unalo jibu, basi nipe, maana mimi sijalipata.

Aliniita mjomba pale jikoni mbele ya maofisa. Nikamwambia aniite kanali. Mwishoni hakulia. Aliniambia, "Mwambie mama mwaka huu awafungulie nyuki mapema, joto limewahi." Sikukuambia. Ningekuambiaje hilo bila kukuambia mengine?

Bati hilo hapo ndani. Lilikuwa kwenye droo ya meza yangu. Chukua.

Sasa nakuomba kitu, na maishani sikukuomba mengi. Ichome barua hii. Maelfu ya wajane wananitegemea. Nikianguka mimi, na jina la watu wao wote linaanguka. Tulikuwa askari kama wengine, lazima hilo libaki, la sivyo wale vijana walikufa kwa nini? Uje Septemba. Kama huwezi kusimama, kaa tu.

Volkmar


Wietzenmoor, 25 Novemba 1956, Jumapili ya Wafu

Mdogo wangu Volkmar,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba Irmtraut amerudi, ingawa moyoni sidhani. Mimi goti limetulia. Mchungaji Lohse mkono wake umepona, leo ameyasoma majina ya waliotutoka, na la Harm amelisoma. Kwenye jiwe la mashujaa nimekataa lisichongwe. Lohse alishangaa, akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yote, kwenye kile chumba cha nyuma ya madhabahu, na alikaa kwenye kiti ambacho huwekewa vitabu vya nyimbo, akavikalia.

Barua yako ilinilaza wiki mbili. Bibi Wittkopp wa Celle alikuja kunipikia supu. Nilikuwa nimetayarisha moyo wangu kupokea mtoto aliyekataa kuua. Nilishamvisha nguo za malaika kabisa. Wewe ukanirudishia mwanangu kama alivyokuwa. Nilikuchukia kwa hilo, nikamchukia na yeye, siku tatu nzima sikuweza kuitazama picha yake. Siku ya nne nilikumbuka alivyokuwa akitembea akiwa ameudhika, mikono nyuma, hatazami kando. Nikamwona anatembea hivyo barabarani mchana kweupe, na nyuma yake lile ghala. Nikalia, lakini sikulia kwa ajili yake peke yake. Wale wa ghalani nao wana mama zao. Labda kuna aliyesimama mahali na ubao, na hakuna basi litakalomshusha mtu wa kumjibu.

Nilikuja mkutanoni Septemba. Hukuniona, sikukaa mbele. Nilisimama nyuma, karibu na meza ya bia, pamoja na wanawake wenye mbao. Ulihutubia vizuri. Sauti yako ni ya baba, sikuwahi kulitambua hilo. Uliposema "mikono yetu ni safi," walipiga makofi mpaka vikombe vikatikisika. Mwanamke mmoja kando yangu, hana hata miaka arobaini, anamtafuta mumewe, aliniona sina ubao. Akaniuliza, "Wa kwako umempata?" Nikamwambia nimempata. "Nani alikupatia?" Nikamwonyesha kwa kidole. "Huyo anayehutubia." Akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akasema, "Unaona? Si wanasema uongo juu yake? Huyu mtu ana moyo!" Mpaka leo natafuta la kumjibu.

Niliporudi niliwaendea nyuki. Nilikwenda asubuhi, kabla hawajatoka, na ufunguo wa nyumba. Mizinga ilikuwa sita. Niligonga kila mmoja mara tatu, nikasema, "Bwana wenu Harm amekufa. Aliua watu ghalani, akaweka bunduki chini akashika njia ya nyumbani, na mjomba wake akamwua. Alisema mfunguliwe mapema, sikuambiwa. Msiniache." Nililisema mara sita. Mara ya kwanza sikulimaliza. Ya sita nililisema moja kwa moja, na sauti ikatoka. Bati nimelizika chini ya mzinga wa mwisho.

Baada ya hapo nilifanya lile ninalokuandikia sasa. Nilikufundisha mtu akikushtaki akushtaki mbele ya macho yako, hivyo sitaki ulisikie kwa mwingine. Jana nilikwenda kwa mwendesha mashtaka. Nimempa barua yako. Sikuichoma. Nimempa na hati ile ya uongo. Nilikuwa nimeinakili kabla sijakurudishia, usinione mjinga. Raschke amesema atakuja kutoa ushahidi, hata dhidi ya nafsi yake. Niliandikisha jina lako, kisha nikaandikisha jina la Harm Behnken kati ya waliofyatua. Karani, kijana mwenye nywele zilizopakwa mafuta, aliacha kuandika akaniuliza kama nimechanganyikiwa, mbona namshtaki marehemu wangu mwenyewe. Nikamwambia, "Andika."

Alipomaliza aliniambia kwa upole kwamba mambo haya siku hizi watu hawapendi kuyafukua, na faili huenda likalala. Na lilale. Halitakuwa limelala kifuani mwangu.

Uliniuliza ungesimamaje mbele ya kikosi. Jibu ninalo, nimelitafuta kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, maana ndilo langu pia. Ungesimama kwa aibu, Volkmar. Watu husimama kwa aibu na hawafi. Kama mimi ningekubali wanawake wa kanisani wasinipishe mlangoni, na wewe ukakubali kikosi kikucheke, Harm leo angekuwa na miaka ishirini na tisa, na tungeweza kumuuliza mwenyewe ya lile ghala, akajibu.

Soksi zako zimo kwenye kifurushi hiki. Usishangae. Nilizianza kabla sijaamua kwenda, nikazimaliza baada ya kuamua. Nimefuma kisigino kwa nyuzi mbili, kwa sababu huko wanakoweza kukupeleka sakafu ni ya saruji, nawe vidole huna. Wasipokupeleka, zivae nyumbani. Sufu imekwisha, na sitanunua nyingine.

Dada yako,
Gesine